Nauli ya Kumfuata Mgonjwa

Katika kliniki za kifua kikuu nchini Tanzania kila mgonjwa ana kadi yenye visanduku vidogo, na dozi inapomezwa kisanduku chake hutiwa alama. Visanduku vya mwezi wa kwanza kwa kawaida hujaa bila shida. Mgonjwa bado anakohoa, jasho la usiku linamlowesha, na hofu pekee inatosha kumfikisha kliniki. Kufikia mwezi wa tatu kikohozi kimetulia, mwili umerudi, na pamoja na hamu ya chakula imerudi haja ya kutafuta riziki. Ndipo visanduku vinapoanza kubaki wazi.

Matibabu ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua kwa kawaida miezi 6: miwili ya dawa nne zinazomezwa pamoja, kisha minne ya dawa mbili. Dawa hizo hutolewa bure. Anayeziacha njiani hujiweka katika hatari ya kuugua tena, safari hiyo pengine kwa vimelea vilivyokwisha kuzizoea dawa, na huwaweka katika hatari hiyo hiyo wale anaolala nao chumba kimoja. Hakuna mtumishi wa afya asiyelijua hilo, wala asiyejua la kufanya: mtu huyo atafutwe, afikiwe, asikilizwe. Kinachokosa jibu ni nani aende, na kwa nauli ya nani.

Muuguzi wa zahanati ya mjini hawezi kuondoka. Mbele yake kuna foleni, na nyuma yake hakuna wa kumshikia zamu. Hata angeondoka, anuani iliyoandikwa kwenye rejista mara nyingi husomeka kwa mtindo wa uswahilini: mkabala na mashine ya kusaga, nyumba ya geti la bluu, uliza kwa Mama Fulani. Mpangaji aliyekuwa katika nyumba hiyo mwezi wa kwanza huenda amekwisha kuhama kodi ilipopanda. Wako pia wanaotaja mtaa usio wao kwa makusudi, kwa kuchelea kwamba siku moja mtu mwenye sare nyeupe atabisha hodi mbele ya majirani.

Pengo hilo limezibwa kwa miaka mingi na vikundi vidogo vya watu waliougua kifua kikuu wakapona. Temeke, jijini Dar es Salaam, watu wa namna hiyo walijikusanya wakaunda MUKIKUTE, yaani Mapambano ya Kifua Kikuu na UKIMWI Temeke. Miongoni mwa kazi zinazojulikana sana za wanachama wake ni ile waliyoifanya kwa ushirikiano na APOPO, shirika lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, linalofunza panya buku kunusa sampuli za makohozi. Sampuli ambazo zahanati ilikuta hazina vimelea hupelekwa kwa panya. Wanazozitilia shaka huhakikiwa maabara. Na zikithibitika, mwenye makohozi hayo hutafutwa ili aanze dawa. Panya anaweza kunusa ugonjwa uliofichika, lakini hawezi kuuliza njia. Hatua hiyo ya mwisho hufanywa na binadamu anayetembea kwa miguu, mwenye simu isiyokosa salio na subira ya kurudi nyumba ile ile mara ya tatu.

Kwamba msaada wa jamii una thamani si suala la imani tu. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika wilaya hiyo hiyo ya Temeke kwa wagonjwa wapya 587. Baadhi yao walimeza dawa wakisimamiwa na watumishi wa kituo cha afya. Wengine walisimamiwa karibu na nyumbani, na ndugu au na mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu. Mafanikio ya matibabu hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Kilichotofautiana ni gharama. Uchambuzi uliofuata mwaka 2005 ulionesha kwamba kumtibu mgonjwa mmoja kwa usimamizi wa kituoni kuligharimu dola 145 za Marekani, na kwa usimamizi wa jamii dola 94. Huduma za afya zilipunguziwa asilimia 27 ya gharama. Mgonjwa mwenyewe alipunguziwa asilimia 72. Mgonjwa wa kundi la kwanza alitumia takribani dola 43 katika kuifuata dawa inayoitwa ya bure, kiasi kinacholingana na kipato chake cha mwezi mzima.

Tarakimu hizo zingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayogawa ruzuku. Zinaonesha fedha zinavuja wapi: zinavuja barabarani, kati ya kitanda cha mgonjwa na dirisha la dawa. Nchi ambayo Mpango wake wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977, uliipatia dunia sehemu kubwa ya misingi ya matibabu ya kusimamiwa kupitia kazi za Daktari Karel Styblo, haina sababu ya kulisahau somo lililotoka Temeke.

Ruzuku wanazopewa vikundi vya namna hii si kubwa. Mfuko wa Stop TB Partnership kwa ajili ya asasi za kiraia, ulioanza mwaka 2007, ulitoa katika miaka yake ya mwanzo ruzuku zisizozidi dola 20,000. Kwa mashirika makubwa hiyo ni bei ya gari kuukuu. Kwa kikundi cha watu ishirini au thelathini wanaojitolea, ni mwaka mzima wa nauli za daladala, vocha za simu, vikopo vya makohozi, daftari, makoti ya mvua, na kilo ya unga kwa mgonjwa asiyeweza kumeza vidonge juu ya tumbo tupu. Hakuna hata kimoja katika vitu hivyo kinachopendeza kwenye picha. Pengine ndiyo maana maombi ya ruzuku hurudishwa yakiwa na ushauri wa kuongeza semina, fulana na bango la uzinduzi.

Hapo ndipo ruzuku huanza kupotea, na mara nyingi hupotea kwa uaminifu kabisa. Kikundi kilichokuwa kikitembelea kaya hujikuta kikikodi ukumbi. Wanachama wanajifunza upesi kwamba siku ya semina ina posho na siku ya kutembea juani haina. Mwaka ukiisha taarifa inasomeka vizuri: washiriki kadhaa walihudhuria, vipeperushi kadhaa viligawiwa. Visanduku vya kadi vimebaki wazi kama vilivyokuwa, na hakuna mwizi yeyote wa kukamatwa.

Ni kweli wezi pia wapo. Vikundi vimevunjika kwa sababu mweka hazina alikopesha fedha za ruzuku kwa shemeji yake, au mwenyekiti aliyageuza makao ya kikundi kuwa duka. Kulificha jambo hilo ni kuwasaidia wanaotaka vikundi vyote vinyimwe. Hata hivyo, dawa inayotumika sasa huwaumiza waaminifu zaidi ya wanaokusudiwa. Mfadhili hudai stakabadhi kwa kila shilingi, ilhali kondakta wa daladala hana stakabadhi anayoitoa wala dereva wa bodaboda hajawahi kuiona. Mfuatiliaji aliyetumia nauli yake halali huambiwa alete karatasi, na asipokuwa nayo hujifunza kutafuta karatasi. Utaratibu uliokusudiwa kuzuia udanganyifu unaufundisha. Upo mwingine ulio mwepesi na mkali zaidi: daftari la safari linaloonesha tarehe, mtaa na nauli, likiwa na saini ya aliyekwenda na ya mwenzake, na kila mwisho wa juma lilinganishwe na rejista ya kliniki. Safari ambayo haikumrudisha mtu, wala haikuleta habari zake, itaonekana yenyewe.

Wengine husema vikundi hivi vikitaka kudumu viende vikakope. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na huo ni mpango wenye manufaa yake. Mkopo lakini hurejeshwa kutokana na faida, na kumrudisha mgonjwa kliniki hakuna faida ya kuuzwa sokoni. Kikundi kinachofuga kuku ili kipate nauli ya kutembelea wagonjwa, baada ya muda hubaki na kuku. Kazi ambayo manufaa yake ni ya jamii nzima haiwezi kugharamiwa na mifuko ya watu ishirini waliokwisha kudhoofishwa kiuchumi na ugonjwa huo huo.

Kujitolea nako kuna mpaka. Mtu aliyepona, asiye na ajira, akitembea siku tatu kwa juma bila hata chai, hajitolei tena, anatumiwa. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kuwafikisha 137,294 katika miaka mitano, wakiwa na mafunzo na posho. Hatua hiyo ilingojewa kwa muda mrefu. Ingekuwa hasara, hata hivyo, kama ingechukuliwa kuwa sababu ya kuvifunga vikundi vya waliopona. Mhudumu wa jamii anabeba chanjo, lishe, malaria na uzazi wa mpango kwa pamoja. Aliyepona kifua kikuu anabeba jambo moja tu, na analijua kutoka ndani. Kwenye rejista mgonjwa aliyekatisha dawa amekuwa akiitwa mtoro, neno la mtoto aliyekwepa shule. Mlangoni mwa mgonjwa, aliyepona halitumii neno hilo. Husema kwamba yeye naye mkojo wake uliwahi kugeuka rangi ya chungwa akadhani anakufa, na kwamba hali hiyo haina madhara. Mara nyingi hilo lilikuwa ndilo swali lililomkimbiza mgonjwa, na hakuwa amepata wa kumuuliza.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, programu nyingi za afya Afrika ya Mashariki zilitikisika. Katika hali hiyo tofauti kati ya vikundi ina maana kubwa. Kilichojengwa juu ya mradi, kikiwa na ofisi ya kukodi na mratibu wa mshahara, husimama siku mradi unaposimama. Kilichojengwa juu ya ujirani hupungua kasi, lakini wanachama wake bado wanaishi mtaa ule ule na bado wanajua nani anakohoa. Ruzuku yenye busara hukikuta kikundi kikiwa tayari kinatembea na kukilipia nauli. Haikianzishi, wala haikipachiki kazi mpya kwa sababu fedha za kazi hiyo ndizo zilizopo mwaka huu. Na itolewe kwa miaka mitatu hata kama ni kidogo, kuliko mara moja ikiwa nyingi. Matibabu ya mgonjwa anayeanza dawa mwezi wa tisa hayaishii Desemba kwa sababu mwaka wa mfadhili umeishia hapo.

Si lazima kila kikundi kikue. TASO ya Uganda ilianzishwa mwaka 1987 na watu 16 wakiongozwa na Noerine Kaleeba, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, nayo ikawa taasisi kubwa ya kitaifa. Nchini Tanzania WAMATA ilianza mwaka 1989 kwa moyo kama huo. Mifano hiyo inastahili heshima yote, ila imewafanya wafadhili waione kila kamati ya mtaa kana kwamba ni taasisi iliyochelewa kukua. Kikundi kinachohudumia kata mbili vizuri kwa miaka kumi hakijachelewa popote.

Upande wa kliniki nao una deni lake. Mfuatiliaji anayefika Jumatatu kuomba orodha ya waliokosa dawa asisimamishwe koridoni hadi saa sita. Apewe mtumishi mmoja wa kumhudumia, na orodha iwe ya wale tu walioridhia, tangu siku ya kwanza ya matibabu, kutembelewa na mtu wa kikundi. Siri ya mgonjwa hailegezwi kwa sababu anayeibeba anajitolea. Mgonjwa ana haki ya kuchagua akutane naye nyumbani, kazini, au chini ya mwembe mbali na macho ya mwenye nyumba. Ana haki pia ya kukataa kabisa na kumtaja ndugu wa kumsimamia. Mfuatiliaji asivae fulana yenye maandishi ya kifua kikuu mgongoni, hata kama mfadhili amezichapisha mia mbili.

Na akirudi, habari alizorudi nazo ziandikwe siku hiyo hiyo kando ya jina la mgonjwa: amehamia Mbagala, amesafiri kwenda kuzika, dawa zinamtia kichefuchefu, anasema atakuja Alhamisi. Alhamisi ikifika, muuguzi wa zamu amtazamie.