Mnauliza Kuku Wangapi, Hamuulizi Kuku Gani

Leo tunaongea juu ya kuku. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Hapa Nakivale nyumba nyingi zina kuku wawili watatu wanaozunguka mlangoni. Sisi kama kikundi tulikuwa na kumi na mmoja, kwenye banda la udongo na turubai nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja. Jioni tukikaa pale tunabishana juu yao vile watu wanabishana juu ya mpira.

Kuna Chairman, jogoo mwekundu. Akipata mdudu hali, anaita matetea kwa sauti ya chini na kusubiri wao wale. Lakini mwewe akipita, anapiga kelele moja tu, halafu yeye ndiye wa kwanza kuingia chini ya mkokoteni. Kuna Tajiri, yule kroila wa madoadoa. Anakula kuliko wote na anataga vizuri kabisa, ila hajawahi kulalia yai hata moja. Akishataga anaondoka kama abiria aliyeshuka kwenye basi. Kuna Kishingo, mdogo, shingo haina manyoya, kila mtu anamdonoa. Yeye anakula wa mwisho, kwa hiyo amejifunza kwenda mbali, na ndiye anayegundua kichuguu chenye mchwa kabla ya wengine.

Na kulikuwa na Bibi.

Bibi alikuwa tetea mweusi wa kienyeji, mkali. Ukipeleka mkono karibu na kiota unarudi na damu. Akikaa juu ya mayai, siku 21 zote anatoka mara moja kwa siku, anakunywa, anakula haraka haraka, anarudi. Hakujali mayai ni ya nani. Hata ya Tajiri aliyaangua yeye, na wale vifaranga akawatetea kama wake. Tulimwona kwa macho yetu akimrukia mwewe.

Muhula uliopita mwenzetu alikosa pesa ya kujiandikisha kwa mtihani. Tukakubaliana kuuza kuku mmoja. Yupi sasa? Bwana mmoja wa mradi aliyepita siku hiyo akatushauri: uzeni yule asiyetaga, bakini na wanaotaga. Bibi alikuwa na vifaranga, hakuwa ametaga wiki nyingi. Na tuseme ukweli, tulichoka kudonolewa. Tukamuuza.

Mtoto wa ile nyumba, msichana wa miaka tisa, ndiye anayewapa chakula asubuhi na kuwafungia usiku. Alisema: "Mkiuza Bibi, mmeuza wote." Tukamwambia aende kuchota maji.

Mtihani ulilipwa, na hilo hatujutii. Lakini miezi ikapita hakuna tetea hata mmoja aliyelalia. Mayai tulikula, mengine tukauza. Halafu kideri kikaingia, kuku wanne wakafa ndani ya wiki moja, na hatukuwa na kifaranga hata kimoja cha kuchukua nafasi yao. Hapo ndipo tulielewa maneno ya mtoto.

Haya si mambo ya hadithi tu. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alikuwa akiwatazama kuku tangu utoto wake, na mwaka 1922 aliandika kwamba kuku wanajuana mmoja mmoja, na kila mmoja anajua nani anamdonoa nani. Mama zetu kule Kivu walijua bila kuandika. Mama akitaka kuongeza kuku hakuulizi uko na wangapi. Anauliza: huyo analea vizuri?

Sasa neno letu kwa ndugu wa mashirika, na tunalisema kwa heshima. Miradi ya kuku tunaipenda. Lakini kuku wanakuja kwenye gari, umri mmoja, mbegu moja, halafu fomu inauliza: ulipokea wangapi, wangapi bado wako hai? Kroila amezalishwa ili akue haraka na atage sana. Ile hamu ya kulalia ni kidogo kwake. Nyumba yenye kroila watano peke yao ina mayai leo, na kesho inasubiri gari lingine. Nyumba yenye wanne pamoja na Bibi mmoja inaweza kujiendeleza. Kwenye fomu, hizo nyumba mbili zinafanana: tano na tano.

Sisi tunajua vizuri maana ya kuhesabiwa. Tangu mwaka 2023 chakula cha msaada hapa Uganda kinatolewa kwa makundi ya uhitaji, na familia zilizoonekana zinaweza kujitegemea zilitolewa. Ndiyo maana mtu akiulizwa ana kuku wangapi, anafikiri mara mbili kabla ya kujibu. Kuku akiwa namba tu, anaogopesha. Muulize mtu juu ya tabia za kuku wake, utaona anavyofunguka, na utajua ile nyumba inaishi vipi kweli.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, sehemu ya pesa za mradi inunue matetea wanaojulikana kwa kulea, kutoka kwa majirani hapa hapa kambini. Pili, chanjo ya kideri ije na kuku, isije baada ya vifo. Tatu, muulizeni anayewalisha, hata akiwa mtoto.

Na kwetu vijana: tusidharau macho ya wadogo zetu. Tulikuwa watu wazima sita kwenye kile kikao, na aliyejua alikuwa nje na ndoo.

Mwezi uliopita tulinunua kwa jirani tetea mmoja mweusi, ambaye Bibi ndiye aliyemwangua. Tulimtuma yule msichana achague, sisi tukabaki nyuma tumeshika pesa. Alimpitia kila mmoja, akanyoosha mkono, akadonolewa, akacheka. "Huyu."

Leo ni siku ya tisa yuko juu ya mayai. Na nyie, kwenu ni kuku gani hauzwi? Tuandikieni jina lake na sababu.