Butembo na Beni: kompyuta zinaongezeka, umeme ungali mchache. Nani anapima?

Tangu M23 walipouteka mji wa Goma mwezi wa kwanza 2025, na gavana wa kijeshi, Jenerali Évariste Somo Kakule, kuanza kuongoza jimbo kutokea Beni, mji huo umepokea ofisi na watumishi ambao zamani kazi zao zilikuwa Goma. Butembo nayo imepokea watu waliokimbia vita vya Lubero kusini. Kila ofisi inayohama inakuja na kompyuta zake, na kila kijana anayetafuta maisha mapya anafikiria kufungua kibanda cha fotokopi, studio ya picha au duka la kuunganisha video za harusi na matanga. Mashine ziko. Kwa wafanyabiashara wa Butembo, waliozoea njia ya Dubai na Guangzhou, kuleta kontena ya kompyuta zilizotumika si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuzilisha.

Sehemu hii ya Kivu ya Kaskazini haijaunganishwa na Inga. Tunaishi kwa mabwawa madogo ya kampuni binafsi, kwa paneli za jua, na kwa gurupu zinazonguruma kila jioni zikila esanse na mazutu. Mpango wa laini kubwa kutoka Nkenda, Uganda, kupitia Mpondwe hadi Beni, Butembo na Bunia umezungumzwa kwa miaka mingi. Mpaka leo kila mtu anahesabu umeme wake kama anavyohesabu unga wa foufou. Au tuseme, anapaswa kuuhesabu, maana wengi hawauhesabu.

Mambo hutokea hivi. Kompyuta imekuwa nzito. Mwenyewe anaambiwa aongeze karti grafiki ili video ziende haraka, kisha anunue na alimantasio, kile kisanduku cha umeme ndani ya mashine, ya wati 600 badala ya 300. Analipa, anafunga, anawasha. Wiki mbili baadaye onduleri inalia na kuzima kila kazi inapokolea, batri ya jua iliyokuwa ikifika usiku inakufa saa kumi za mchana, na umeme wa kulipia mbele unakwisha kabla ya tarehe. Lawama inaenda kwa fundi, au kwa muuzaji wa batri, au kwa kampuni ya umeme. Hakuna aliyepima, kabla wala baadaye, kwa hiyo hakuna anayeweza kujua nani ana haki.

Kosa la kwanza liko katika kusoma maandishi. Alimantasio iliyoandikwa wati 600 haili wati 600. Namba hiyo inasema kiasi cha juu inachoweza kutoa ikiombwa. Kompyuta ya kawaida ya ofisi, yenye prosesa ya Core i5 ya miaka ya nyuma, ikiwa inafungua barua na Excel tu, inakula wati 50 hivi, na skrini inaongeza 20 au 25. Onduleri nayo inadanganya wengi kwa njia ya pili: ile iliyoandikwa 650 VA mara nyingi inabeba wati 360 hadi 390 tu, kwa sababu VA si wati.

Kifaa cha kuondoa ubishi huu ni kipima-wati cha kuchomeka ukutani. Unakichomeka kwenye priza, kompyuta unaichomeka juu yake, unasoma. Kwa kawaida bei yake ni kati ya dola 10 na 20, chini ya bei ya karti yoyote yenye maana. Pima mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, ikiwa imewaka bila kazi, kisha ikiwa kwenye kazi yake nzito kabisa, kama kutoa video ndefu. Skrini ipime peke yake. Programu za kompyuta zinazoonyesha wati za prosesa hazitoshi, kwani haziuoni umeme unaopotea ndani ya alimantasio yenyewe. Na upotevu huo si mdogo: alimantasio ya zamani yenye ufanisi wa asilimia 70 inavuta wati 143 ukutani ili kutoa 100. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza 2004, inamaanisha angalau asilimia 80, yaani wati 125 kwa kazi ile ile. Tofauti ya wati 18 inageuka joto na kelele ya feni, nawe unailipia.

Asiye na kipima-wati anaweza kutumia mita ya umeme ya nyumba. Zima kila kitu, hata friji na chaja za simu, acha kompyuta peke yake. Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600. Kama ni 1000, kila mpepeso ni watisaa moja. Hesabu kwa dakika 6, zidisha kwa 10: mipepeso 10 ni wati 100. Kama ni 1600, mipepeso 16 ndiyo wati 100. Haihitaji diploma. Ila tusichanganye kupima na kufungua: alimantasio isifunguliwe kamwe na asiye fundi, kwani ndani yake umeme unabaki hata baada ya kuichomoa.

Sasa hesabu yenyewe. Tuchukue kilowatisaa moja kwa senti 25 za dola kama mfano. Msomaji aweke bei anayolipa yeye. Kompyuta ya wati 75 pamoja na skrini, masaa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inakula kilowatisaa 19 na nusu. Ni karibu dola 5. Ongeza karti kama GTX 1660, ambayo peke yake inafika wati 120, na uifanyishe kazi nzito masaa 4 kwa siku: ni kilowatisaa 12 na nusu zaidi, dola 3 na kidogo. Kwa studio yenye wateja, hiyo si hasara. Mtu wa umeme wa bwawa anaweza kuinunua bila woga.

Mtu wa jua yuko pengine kabisa. Batri ya volti 12 na Ah 100 inahifadhi watisaa 1200 kwenye karatasi. Ile ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo zinabaki 600, na baada ya hasara ya onduleri ni kama 520. Kompyuta ya wati 75 inakwenda masaa 7 hivi. Mashine hiyo hiyo yenye karti mpya, prosesa ikiwa moto na jumla kufika 250, inakwenda masaa mawili. Karti ya dola mia imekudai batri tatu na paneli zake, na muuzaji hakukuambia kwa kuwa hukumuuliza.

Kupima kunafunua jambo lingine ambalo vibanda vya fotokopi vingelijua mapema. Pale, mlaji mkubwa si kompyuta. Ni printa ya leza, ambayo ikipasha moto inaweza kuruka juu ya wati 1000 kwa muda mfupi, na kuangusha onduleri ndogo nzima. Kompyuta yenyewe, kama shida ni uzito tu, inaponywa kwa diski ya SSD na RAM kidogo. Diski ya zamani inayozunguka inakula wati 6 hadi 8. SSD ya kawaida haifiki hapo. Ni badiliko pekee ninalolijua linaloongeza mwendo na kupunguza bili kwa pamoja, na kwa maoni yangu tisa kati ya kumi ya ofisi za Beni hazihitaji zaidi ya hilo.

Kuna kichekesho kidogo katika habari hii. Kule Luviro, katika teritware ya Lubero, kwenye bwawa la megawati 14 na kitu lililojengwa na Mbuga ya Virunga, kulianza mwaka 2020 kazi ya kuchimba bitkoini kwa kompyuta zilizopangwa ndani ya kontena. Mbuga ilikuwa imepoteza watalii, na umeme ulikuwepo kabla ya laini za kuufikisha kwa wateja. Wengine walilaumu, wengine walisifu. Lakini biashara hiyo yote inasimama juu ya hesabu moja, wati kwa kazi. Mashine moja kama Antminer S19 inakula wati 3250 hivi, na umeme ukizidi mapato, mwenye nayo anaizima siku hiyo hiyo. Kilomita si nyingi kutoka pale, mwenye studio Butembo anaendesha biashara ya kompyuta bila kujua mashine yake inakula nini.

Jambo hili linagusa pia ugomvi wetu na wauzaji wa umeme. Raia analalamika kwamba umeme aliolipia unakwisha haraka, kampuni inajibu kwamba mita iko sawa, na mazungumzo yanaishia hapo. Aliyeandika kwenye daftari wati za kila chombo na masaa ya kazi kwa mwezi mmoja anaweza kuweka namba zake karibu na namba za mita. Zikipishana kidogo, atafute chombo kinachokula usiku. Zikipishana sana, ana malalamiko yenye uzito, na mashirika ya kiraia yana kitu cha kushika mkononi.

Maduka ya kompyuta ya Butembo na Beni yangeweza kuanza kesho. Kipima-wati kimoja juu ya kaunta, mashine inawashwa mbele ya mnunuzi ikiwa na karti na ikiwa bila karti, namba mbili zinaandikwa kwenye risiti pamoja na bei.