Mfaransa Analinda Chake, Sisi Je?

Leo nina dukuduku.

Kuna hoja naisikia sana hapa chuo: eti serikali haina sababu ya kutoa hela kwa sanaa, msanii mzuri atajiuza mwenyewe. Anayesema hivyo aitazame Ufaransa, nchi ambayo haina njaa ya soko.

Sheria yao ya 1994, iliyoanza kutumika 1996, ilizibana redio zipige nyimbo za Kifaransa kwa asilimia 40. Mwaka 2016 walilegeza kidogo, ila msingi upo. Kwenye sinema ndiyo kiboko: kila tiketi inakatwa kodi ya karibu asilimia 11, inaingia CNC, taasisi yao ya sinema iliyoundwa 1946. Yaani ukitazama picha ya Hollywood pale Paris, hela yako inasaidia kutengeneza picha ya Kifaransa. Wajanja hao!

Sasa njoo kwetu. Boma la Mikindani la 1895 lilikarabatiwa na shirika la hisani la Waingereza, Trade Aid. Wasanii wetu wanapiga shoo Alliance Française pale Dar. Simlaumu mwenye jukwaa. Nauliza tu, la kwetu huku Kusini liko wapi?

Mtaniambia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa upo, unakopesha. Sawa, mkopo unamfaa mwenye studio, atauza, atarudisha. Kikundi cha mapiko kijijini kitarudisha nini? Ngoma ya jando haina kiingilio. Na kinyago lazima kichongwe, ngoma iwambwe, vijana wafundishwe. Hapo panatakiwa ruzuku, siyo deni.

Wengine watasema dawa na madawati kwanza. Nakubali, na hela hizo zisiguswe. Tuige ile ya tiketi: kiasi kidogo kutoka viingilio vya matamasha makubwa na malazi ya watalii wanaokuja kuona huo huo utamaduni wetu. Halmashauri itenge fungu, iwalipe wazee wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao wafundishe mashuleni.

Maana sisi tunaosomea ualimu ndio tutaambiwa tufundishe sanaa na utamaduni. Tutawaonyesha watoto nini, picha ya lipiko kwenye kitabu? Mzee akiondoka na mdundo wake, hakuna benki ya kuturudishia.

Mwenye hoja tofauti aje tubishane. Nawasilisha.