"Tumefundishwa Hivyo" Si Jibu

Likizo iliyopita nilikuwa kwetu kando ya Ziwa Nyasa, karibu na Mbamba Bay. Siku moja dada mmoja mwanafunzi wa uuguzi alikuja kuwafundisha akina mama habari za upungufu wa damu. Alisema vema, wala hakuwa na majivuno. Lakini alipowahimiza wawape watoto wote dawa ya madini ya chuma, bibi mmoja alimwuliza, "Mwanangu, umejuaje kuwa yafaa?" Akajibu, "Bibi, tumefundishwa hivyo." Akina mama wakatazamana, wakaondoka.

Naona swali lile lilikuwa na maana kuliko somo lote. Tutazame yaliyotokea Pemba. Mwaka wa 2002 wataalamu walianza kuwapa watoto wadogo madini hayo pamoja na asidi ya foliki, wakiwalinganisha na wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Walioshiriki walikuwa zaidi ya 20,000. Mwaka wa 2003 kazi hiyo ilisimamishwa, maana waliopewa madini walikufa au kulazwa hospitali kuliko wenzao kwa asilimia 12 hivi. Pemba ya siku zile ilikuwa na malaria nyingi. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2006, na sasa Shirika la Afya Duniani hushauri kuwa penye malaria, madini hayo yaende pamoja na kinga na tiba ya malaria.

Basi, shauri linalofaa Litembo, milimani kwenye baridi, pengine halitoshi Liuli, ziwani kwenye joto na mbu. Sisemi mama akatae dawa ambayo daktari amempa mtoto wake baada ya kumpima. Nasema mwanafunzi wa uuguzi azoezwe kuuliza: ushahidi huu umetoka wapi? Watu wa huko wanafanana na hawa? Kisha aueleze kwa maneno mepesi.

Wengine watasema watu wa vijijini hawataki ushahidi, wanataka kuambiwa la kufanya tu. Sikubali. Mmatengo huchimba ngoro kwa kuwa ameona jinsi zinavyozuia udongo usichukuliwe na mvua. Mvuvi naye hutazama upepo kabla ya kusukuma mtumbwi. Watu hawa wanajua ushahidi ni nini.

Nasi tunaotamani kuwa wauguzi, tuanze sasa darasani kuuliza "kwa nini?" kwa adabu. Bibi yule angali anangoja jibu.