Chaja ya Nyumbani Isimnyang'anye Mnyonge Uniti Zake

Vyombo vya usafiri viendeshwavyo kwa umeme vimekwisha kuingia nchini, na vingi si magari ya wakubwa, bali ni pikipiki na bajaji za kutafutia riziki. Dar es Salaam wameanza kuvizoea. Jirani zetu wa Nairobi wanavijua zaidi. Mkoa wa Mara hautasubiri muda mrefu. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kusema mapema na wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama, pamoja na ndugu zetu wa visiwani wanaoshukia Mwigobero, juu ya chaja ya nyumbani: ichaguliwe ipi, na ifungwe namna gani. Tutasema pia na maofisa wa Serikali, maana lipo jambo ambalo mwananchi hawezi kulitengeneza kwa bisibisi.

Mwenye pikipiki asidanganywe kununua mtambo wa ukutani. Betri yake hubeba uniti tatu hivi, na chaja inayokuja nayo kwa kawaida hula umeme mdogo kuliko pasi. Anachohitaji ni soketi yake peke yake, iliyokazwa vizuri, siyo waya wa kuunga unaopitishwa dirishani na kukanyagwa na mbuzi. Mwenye gari ndiye mwenye hesabu kubwa. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haitoi zaidi ya kilowati tatu, na ikibanwa usiku kucha huchemka. Gari lenye betri ya uniti 40 litalala hapo hadi mchana wa pili. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati saba na kumaliza kazi kwa saa sita hivi, lakini hudai waya wake wenyewe kutoka kwenye swichi kuu, usiopungua milimita mraba sita. Aidha, chaja saba za namna hiyo zikiwashwa pamoja huijaza transfoma nzima ya kVA 50. Anayefunga amwarifu TANESCO kabla, siyo baada ya mtaa kuingia gizani.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wetu hulipuuza, nalo ni waya wa ardhini. Mawe ya Musoma na Butiama yanapendeza macho, lakini fimbo ya shaba haiyapendi. Ikigonga jiwe futi mbili chini, fundi mvivu huikata, akafukia udongo, akadai ujira wake. Katika nchi hii ya ziwa, ambako radi hazina msimu, huko ni kuiweka familia mikononi mwa bahati. Mwananchi atake fundi mwenye leseni ya EWURA, na atake kipimo cha waya huo kifanyike mbele ya macho yake.

Sasa tuwageukie maofisa. Kwa agizo la bei la mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi iliwekwa katika kundi la D1, ikalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kundi la kawaida la T1 likalipa shilingi 292. Kijana wa bodaboda akichaji uniti tatu kwa siku 26, amekwisha kufika 78 kabla hajawasha hata taa. Yaani akiacha petroli kama anavyoshauriwa, taa wanayosomea watoto wake inahesabiwa kwa bei ya matajiri. Wako watakaosema kwamba hata kwa shilingi 292 umeme ni nafuu kuliko petroli. Ni kweli, wala hatubishi. Lakini nafuu ya pikipiki isilipwe na taa.

Kenya walilitazama jambo hili mwaka 2023, wakaweka bei ya pekee ya kuchaji vyombo vya usafiri: shilingi 16 za kwao kwa uniti, na nane katika saa ambazo watumiaji ni wachache. Sisi tunalo bwawa la megawati 2,115 katika mto Rufiji, ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Lina jina la mwana wa Butiama. Itakuwa ajabu umeme wake upungukiwe na wanunuzi usiku wa manane, hali kijana wa Butiama anaogopa kuchomeka betri.

Visiwani mambo yanageuka. Penye mtambo wa jua, mfano wa ule uliojengwa Bwisya, Ukara, mwaka 2016, usiku ndio wakati wa dhiki, na adhuhuri ndio wakati wa neema. Na mvuvi wa dagaa hufanya kazi gizani, akalala mchana. Betri za taa zake, na za injini ya mtumbwi siku atakapoipata, ziko mwaloni bila kazi saa zile zile ambazo jua linamwagika bure.

Tunaitaka EWURA iruhusu mita ya pili ya LUKU kwa ajili ya kuchaji, yenye bei yake, ili nyumba ibaki katika D1: nafuu iwe usiku kwa walio kwenye gridi, na mchana kwa walio kwenye jua. Na halmashauri zitakapopanga mitambo ya visiwani, wahandisi wake wateremke kwanza mwaloni saa sita mchana, wahesabu betri zilizolala pale.