Ile ndege ya kijivu ni ya nani? Tujifunze kusoma anga kabla ya kusambaza

Wadau, kuna ugonjwa umetuingia. Ndege ya kijivu ikipita chini kidogo kuliko tulivyozoea, dakika kumi hazijaisha magrupu yameshajaa: Wamarekani wametua, silaha zinashushwa usiku, mkubwa fulani anatoroka. Anayeuliza ushahidi anaambiwa katumwa. Baada ya siku mbili inajulikana ilikuwa imeleta vifaa vya hospitali. Au haijulikani kabisa, na ule uongo unabaki pale pale, unazeeka, mpaka unageuka historia.

Kinachoniudhi ni kwamba siku hizi kubahatisha hakuna ulazima. Kijana mwenye bando la shilingi mia tano, au aliyelipia nusu saa kwenye kafe, anaweza kuchungulia anga la nusu ya dunia. Shida ni kwamba wengi wetu tukifungua ile ramani yenye vindege vya njano tunaiangalia kama sinema. Hatujui inatuonyesha nini, na kibaya zaidi hatujui inatuficha nini.

Tuanze na chombo chenyewe. Ndege nyingi zina kifaa kinachoitwa transponda. Mfumo wa sasa, ADS-B, unatangaza kwenye masafa ya 1090 MHz: mimi ni fulani, niko hapa, juu kiasi hiki, kasi kiasi hiki. Mahali ilipo ndege hutajwa takriban mara mbili kila sekunde, na matangazo hayo hayajafungwa kwa siri yoyote. Mtu akiwa na antena ndogo na kompyuta anayanasa akiwa kwake sebuleni. Watu wa kujitolea maelfu kwa maelfu wameweka antena hizo juu ya mapaa na kutuma wanachokinasa kwenye tovuti kama Flightradar24, iliyoanzia Sweden mwaka 2006, au ADS-B Exchange. Tofauti yao ni muhimu. Ya kwanza huficha baadhi ya ndege wenyewe wakiomba. Ya pili ilijijengea jina kwa kutoficha, na ilipouzwa kwa kampuni Januari 2023 baadhi ya waliokuwa wakiilisha data walihamia kwingine, kama airplanes.live na adsb.fi. Kwenye ADS-B Exchange ukibonyeza U, ramani inabakiza zile tu zinazotambuliwa kuwa za kijeshi. Jaribu leo uone.

Sasa ukibofya ndege, usikimbilie picha. Angalia kwanza ile namba ya herufi na tarakimu sita. Hiyo ndiyo kitambulisho cha transponda, na kila nchi ina fungu lake: Tanzania inaanza na 080, Kenya 04C, Uganda 068, Rwanda 06E. Ukiona AE mwanzoni, mara nyingi ni jeshi la Marekani. Ukiona 43C ni jeshi la Uingereza. Halafu ndiyo uangalie jina inaloitwa redioni. RCH ni ndege za uchukuzi za jeshi la anga la Marekani, RRR ni za Waingereza, CTM za Wafaransa. Lakini jina hili huandikwa na rubani kwa vidole vyake, kwa hiyo linaweza kuachwa wazi au kuwa la leo tu. Ile namba ya sita-sita ni ngumu zaidi kuchezewa, ingawa nayo si msahafu.

Kuna na jambo la saa, ambalo kwetu sisi Waswahili linaleta balaa la peke yake. Kumbukumbu za tovuti hizi huhifadhiwa kwa saa za UTC, yaani saa tatu nyuma yetu. Mtu akikuambia "ndege ilipita saa nane usiku wa kuamkia Jumanne", hapo ni saa mbili baada ya usiku wa manane kwa saa za Kizungu, na kwa UTC ni saa tano usiku, tena bado Jumatatu! Ukifungua kumbukumbu ya Jumanne hutaiona, na utaandika kwa herufi kubwa kwamba ndege imefutwa kwenye mfumo. Haijafutwa. Umefungua siku siyo.

Halafu aina ya ndege. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapotuchanganya kweli kweli. Pilatus PC-12 ni ka-ndege ka injini moja. Flying Doctors wa AMREF wanabebea wagonjwa, na kampuni ndogo za hapa kwetu zimekuwa zikipelekea watalii mbugani. Ndege hiyo hiyo, kwa jina la U-28A, ni ya upelelezi ya makomando wa Marekani. Moja ilianguka Djibouti Februari 2012 na kuua askari wanne. Au chukua Dash 8, ambayo wengi tumeipanda au tumeiona ikishusha abiria. Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, tarehe 5 Januari 2020, Wamarekani watatu waliuawa, na kati ya ndege zilizoteketea ilikuwemo Dash 8 iliyofungwa mitambo ya upelelezi. Kwa hiyo anayesema "ile ni ndege ya kiraia tu, nimeipanda" na anayesema "ile ni ya kijeshi, nimeiona YouTube" wote wawili wanaweza kuwa wanaongelea umbo lile lile. Umbo halitoshi. Inabidi uangalie namba, uangalie inatoka wapi, na zaidi ya yote inaruka vipi. Ya abiria inanyoosha toka kituo hadi kituo. Inayozunguka sehemu moja kwa saa nne inatafuta kitu. Inaweza kuwa inapiga picha za ramani tu, sawa, lakini abiria haijabeba.

Nakuja kwenye kesi ambayo kwangu ndiyo darasa lenyewe, maana haipo mbali na watu wake ni majirani zetu. Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la serikali na wapiganaji wa RSF. Haikupita miezi mingi wafuatiliaji wa mtandaoni wakaanza kuona kitu: Ilyushin Il-76, lile dude la Kirusi la injini nne lenye mabawa juu ya mgongo, likitoka Falme za Kiarabu na kuelekea Chad mashariki, mahali panapoitwa Amdjarass. Wangapi kati yetu walikuwa wamewahi kusikia Amdjarass? Ni mji mdogo jangwani karibu na mpaka wa Darfur. Il-76 imetengenezwa kwa ajili ya viwanja vya namna hiyo, inabeba mizigo tani arobaini na zaidi. Leo moja, kesho nyingine, na kadhaa zilisajiliwa kwa makampuni ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walishayatuhumu kupeleka silaha Libya.

Falme za Kiarabu zilikana na zimeendelea kukana. Zilisema ni misaada ya wakimbizi, na ni kweli kwamba Julai 2023 zilifungua hospitali ya muda Amdjarass. Lakini Agosti mwaka huo gazeti la Wall Street Journal likaandika kwamba ndege moja ya safari hizo, ilipotua Entebbe mwanzoni mwa Juni, maofisa wa Uganda walikuta bunduki na risasi mahali ambapo karatasi zilisema ni misaada. Entebbe hapo, wadau, siyo Dubai. Januari 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakasema tuhuma za silaha kupitia Amdjarass ni za kuaminika. Desemba 2024 Reuters wakahesabu safari zisizopungua 86 kutoka Emirates kwenda huko tangu vita kuanza.

Hapo sasa tuwe makini, maana ndipo wengi wanapoteleza. Zile antena zilithibitisha nini? Zilithibitisha safari. Ndege fulani ilitoka pale, ikaelekea kule, mara kadhaa kwa wiki, chini ya makampuni haya. Hazikuthibitisha sanduku hata moja. Kilichomo tumboni mwa ndege kilisemwa na karatasi, na watu waliofungua masanduku, na silaha zilizokutwa uwanja wa vita. Ramani ilifanya kazi ya kumwonyesha mwandishi pa kwenda kuuliza. Basi. Na hiyo si kazi ndogo, kwani bila ile mistari kwenye ramani nani angeijua Amdjarass?

Kitu cha pili: karibu safari zote hizo zilipotea kwenye ramani kabla ya kutua. Mtandaoni wakapiga kelele, "wamezima!" Pengine kweli baadhi walizima. Lakini jiulize, antena ziko ngapi Chad mashariki? Antena inaona kama jicho. Ndege ikiwa juu sana unaweza kuinasa ikiwa mbali hata kilomita 400, ikishuka inazama nyuma ya upeo. Ulaya kila mtaa una antena. Kwetu, ukitoka nje ya miji mikubwa, ni giza. Ndege kupotea juu ya Darfur, Kongo mashariki au kusini mwa Tanzania, dhana ya kwanza iwe hakuna aliyekuwa anasikiliza. Anayetaka kusema "amezima" aonyeshe kwamba ndege nyingine ilionekana mahali pale pale, kwenye urefu ule ule, saa ile ile.

Ndiyo maana wafuatiliaji wazuri hawakuishia kwenye ramani. Wakaenda kwenye picha za satelaiti. Zile za bure za Sentinel-2 za Ulaya, kila doa moja ni mita 10. Il-76 ina upana wa mabawa wa mita 50 na ushee, kwa hiyo itaonekana kama msalaba wa madoa matano hivi. Huwezi kusoma namba ya mkiani, lakini ukijua ndege ilipotea ikielekea huko Jumatano asubuhi, na picha ya Jumatano hiyo ina msalaba kwenye uwanja ambao Jumatatu ulikuwa mtupu, hapo una jambo la kusema.

El Fasher ilianguka mikononi mwa RSF tarehe 26 Oktoba 2025 baada ya kuzingirwa takriban miezi 18, na tuliona yaliyofuata. Kesi ambayo Sudan iliifungua dhidi ya Emirates kwenye mahakama ya dunia kule The Hague ilishaondolewa Mei mwaka huo kwa sababu ya mamlaka ya mahakama. Ushahidi wenyewe haukupimwa. Kwa hiyo usidhani ukionyesha mstari kwenye ramani kuna mtu atafungwa.

Jambo jingine ambalo vijana hawalipendi: ndege ya kijeshi unayoiona, mara nyingi imekubali kuonekana. Kabla ya Urusi kuvamia Ukraine Februari 2022, droni ya Marekani iliyojiita FORTE ilizunguka Bahari Nyeusi kila mtu akiitazama. Si kwamba walisahau kuzima. Agosti 2 mwaka huo huo ndege ya SPAR19 ikampeleka Nancy Pelosi Taiwan, na Flightradar24 wakasema watu milioni 2.92 waliifuatilia safari hiyo. Zinazorusha makombora Somalia, je, umewahi kuziona kwenye ramani? Na kuna udanganyifu wa GPS: mwaka 2024 ndege za abiria mashariki mwa Mediterania zilijikuta zikionekana zimeegeshwa uwanja wa Beirut ilhali ziko angani mbali kabisa.

Wanaosema huu ni mchezo wa wasio na kazi nawakumbusha kitu. Kabla ya ramani hizi kulikuwa na watu wanasimama kwenye uzio wa uwanja na daftari na kamera, wanaandika namba za ndege. Namba moja ilikuwa N379P, Gulfstream iliyoonekana Karachi Oktoba 2001 na Stockholm Desemba mwaka huo, siku Wamisri wawili walipochukuliwa. Madaftari hayo ndiyo yaliyowasaidia waandishi kufumua mtandao wa CIA wa kusafirisha watu kwa siri. Mtanzania mwenzetu Suleiman Abdullah Salim, mtu wa Zanzibar, aliyapitia hayo: alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akapelekwa Afghanistan, akaachiwa mwaka 2008. Yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia waliobuni mateso yale, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka 2017.

Ila uzio nao una wenyewe. Novemba 2001 Ugiriki iliwakamata Waingereza 12 na Waholanzi wawili waliokuwa wakiandika namba za ndege Kalamata, ikawahukumu kwa ujasusi, na ni rufaa ya mwaka mmoja baadaye iliyowaokoa. Hiyo ni Ulaya, na walikuwa na mabalozi wa kuwapigania. Wewe ukikutwa na simu mkononi nje ya kambi ya jeshi hapa kwetu, nani atakuja? Ramani itazame ukiwa kafe. Ukinasa kitu, hifadhi picha ya skrini yenye ile namba ya sita-sita, saa ya UTC na tarehe vikionekana, kisha andika ulichoona na uache nafasi wazi kwa usichokiona. Na kama ni ndege ya majeruhi au ya askari wanaoingia eneo la vita, subiri itue na iondoke kwanza.