MAZUNGUMZO YA JIONI: Vigingi katika Uwanja wa Watoto

Katika barua zilizofika mezani pangu iko moja ya mama wa watoto watano, akaaye upande wa kusini wa mji wa Dar es Salaam. Nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea mke wangu, naye akaniambia, "Weka nyingine zote kando, mjibu huyu kwanza." Basi natii.

Kwa kifupi mama anaandika hivi. Mbele ya nyumba yao pana uwanja, nao upo tangu alipoolewa. Watoto hucheza mpira hapo, msiba ukitokea turubai hufungwa hapo, na siku za Noeli kwaya huimbia hapo. Mwezi uliopita walikuja watu wanne wenye kamba, wakapiga vigingi. Siku ya tatu yakamwagwa matofali. Mwenye matofali asema anayo hati. Mume wa mama yetu asema, "Tuache, mke wangu, hatuna ubavu wa kushindana na mwenye hati." Watoto sasa wamehamishia mpira barabarani, ambako bodaboda hupita mbio, na mtoto wake wa tatu amekwisha kugongwa akavunjika mkono. Mama auliza maswali mawili: uwanja huu ni mali ya nani? Na nani aliyekaa akaamua kwamba usiwe uwanja tena?

Swali la pili ndilo lililonifurahisha. Watu wengi hudhani kwamba mji huota wenyewe kama uyoga baada ya mvua. Sivyo. Kila mtaa uliopimwa ulichorwa kwanza juu ya karatasi, na yuko mtu aliyeamua hapa pawe njia, hapa nyumba, hapa soko, hapa watoto wacheze. Wakati mwingine aliamua vibaya, na wakati mwingine kwa nia isiyo njema, lakini aliamua.

Tazameni mji wenyewe wa Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wadachi walitoa amri ya ujenzi iliyougawa mji kwa namna ya nyumba: pwani upande wa mashariki nyumba za mawe za Wazungu, halafu sehemu nyingine, na vibanda vya Waafrika mbali huko nyuma. Waingereza walipokuja hawakuifuta desturi hiyo, waliinyosha tu. Ndiyo sababu wazee husema bado Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Na ule uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo twaupenda kwa upepo wake na vivuli vyake, uliachwa wazi ili kuwatenga watu wa Uhindini na watu wa Kariakoo. Uliachwa kwa ubaguzi, nasi tumeurithi kwa furaha. Je, tuujenge maduka kwa kuwa aliyeuacha alikuwa na nia mbaya? Mimi nasema hapana, na nadhani kila mama mwenye watoto Kariakoo atasema pamoja nami.

Baada ya vita kuu ya pili ikaja ramani kubwa ya mwaka 1949, iliyotengenezwa na wahandisi wa Kiingereza. Hiyo nayo iliwapanga watu kwa ukubwa wa viwanja: vikubwa kwa wachache, vidogo kwa wengi. Lakini ilikuwa na wazo moja la busara: mabonde ya vijito yaachwe wazi, ili upepo wa bahari upite hata bara ya mji. Ikaja nyingine mwaka 1968 na nyingine mwaka 1979, zote mbili kwa mikono ya wataalamu wa Kanada. Kisha ikapita miaka mingi sana bila ramani kuu mpya, na watu hawakungoja. Walijenga. Hata yale mabonde ya upepo yakajengwa, na mafuriko ya Desemba 2011 yalipokuja katika bonde la Msimbazi sote tuliona yaliyotokea, na jinsi familia nyingi zilivyohamishiwa Mabwepande.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana mama ataka kujua nani huamua. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yaiweka kazi hiyo mikononi mwa halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Halmashauri ina maafisa mipango miji, ambao huchora, na ina madiwani, ambao husikiliza na kukubali au kukataa. Madiwani wanayo kamati yao ya mipango miji na mazingira. Mchoro ukitoka hapo hupelekwa Wizara ya Ardhi kuthibitishwa. Ndipo wapima huingia na kusimika mawe ya mipaka, yale tuyaitayo bikoni, na mwisho kabisa ndipo hati hutolewa. Angalieni utaratibu huo vizuri: mchoro, kipimo, hati. Mtu akikuonyesha hati, unayo haki ya kuuliza: mchoro wake uko wapi?

Tena hati yenyewe husema matumizi. Haisemi tu "kiwanja ni chako". Husema ni cha makazi, au cha biashara, au makazi na biashara. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na mwenye hati amepewa haki ya kuikaa kwa miaka kadhaa na kwa masharti. Akitaka kugeuza matumizi, kwa mfano nyumba iwe baa, au uwanja wa wazi uwe duka, lazima aombe, na ombi lake litangazwe ili mwenye pingamizi aseme. Hapo ndipo wengi wetu hulala usingizi. Tangazo hutoka, hatulisomi. Mkutano wa mtaa huitwa, hatuendi, twasema ni kazi ya wasio na kazi. Kisha siku tingatinga linapokuja, twapiga mayowe.

Habari za barabara nitazipitia upesi, kwa kuwa mama hakuziuliza, ila wasomaji wengine huniuliza kila mara juu ya ile alama ya X. Barabara kuu ina hifadhi yake, yaani ardhi ya pande mbili isiyojengwa. Zamani upana wake ulikuwa mita 45. Sheria ya mwaka 2007 ikaufanya mita 60. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani hupigwa alama nyekundu, naye halipwi kitu. Aliyekuwa nje, lakini hifadhi ikapanuka ikamkuta nyumbani kwake, hupigwa alama ya kijani, naye anastahili fidia. Basi kabla ya kununua kiwanja kando ya barabara kuu chukua kamba ya kupimia, anzia katikati ya barabara, hesabu mita 30. Ni kazi ya dakika tano. Nimeona watu waliotumia akiba ya miaka thelathini bila kuzitumia dakika hizo.

Ila juu ya motokaa na mahali pa kuziweka nitakaa kidogo, maana hapo ninalo la kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, parokiani kwetu motokaa za Jumapili zilizidi. Misa ya kwanza haijatoka, watu wa Misa ya pili wamefika. Zilipangwa pande zote mbili za njia, nyingine juu ya mtaro, nyingine mlangoni pa jirani. Jumapili moja mzee wa nyumba ya pili, Mwislamu, mtu tunayeheshimiana naye sana, alitaka kumpeleka mkewe hospitali, akashindwa kutoa gari. Ilibidi zitangazwe namba za motokaa kwa kipaza sauti katikati ya mahubiri. Yule mama alifika hospitali, akapona, tunamshukuru Mungu. Lakini Jumapili ile nilimwona mzee amesimama kizingitini na funguo mkononi, akitutazama tukitoka na rozari zetu, wala hakusema neno. Ningependa angetutukana.

Halmashauri ya walei ikakutana. Karibu na kanisa palikuwa na uwanja wa wazi, watoto wa mtaa wakicheza. Mmoja wetu akasema, "Tuiombe manispaa itupe ule tuweke motokaa." Tukapiga kura. Nami niliinua mkono, wapenzi wasomaji. Mimi niandikaye habari za malezi ya watoto katika gazeti hili kila juma, niliinua mkono.

Tukaenda ofisini watu watatu. Afisa mipango miji alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Akatukaribisha, akaukunjua mchoro juu ya meza, akatuuliza, "Wazee wangu, motokaa ni ngapi? Na kwa saa ngapi?" Tukasema yapata 60, kwa saa tano. Akachukua kalamu. Motokaa moja, akasema, hutaka mita mbili na nusu kwa mita tano ili isimame. Ukiongeza njia ya kuingilia na nafasi ya kugeukia, ni kama mita 25 za mraba. Mara 60, ni mita 1,500 za mraba. Kwa kipimo hicho kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 20, ambacho familia nzima huishi, huwekwa motokaa 16 tu. Kisha akasema, "Juma lina saa 168. Mnataka niwanyime watoto uwanja kwa saa zote hizo, kwa ajili ya saa tano?"

Hatukuwa na jibu. Akatuambia kwa adabu kwamba mlango wa kuomba uko wazi, tukitaka tujaze fomu, itatangazwa, na wakazi watasema yao. Kisha akauliza kama tumekwisha kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma yetu, ambayo Jumapili ua wake ni mtupu. Hatukuwa tumezungumza naye. Wala hatukuwa tumefikiri kuweka nusu saa kati ya Misa na Misa. Mambo hayo mawili tuliyafanya, na njia ikafunguka. Wakaidi wawili watatu bado wapo, wenye kutaka kushuka motokaa mlangoni pa kanisa kama bibi harusi, lakini mzee jirani sasa hutoka apendapo.

Nimelisimulia hili kwa sababu mama yetu huenda anadhani adui wa viwanja vya watoto ni matajiri wenye hati tu. Sisi hatukuwa matajiri, wala hatukuwa na hila. Tulikuwa watu wa sala tuliouona uwanja tukadhani ni mahali patupu.

Basi, mama yangu, nakujibu. Kwanza ujue ofisi yako. Mji wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji, ambalo tangu 2021 ndilo iliyokuwa Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Watu wengi hupoteza nauli kwa kwenda isiyo yao. Usiende peke yako. Nenda na mwenyekiti wa mtaa, na kama mwenyekiti anasitasita, nenda na majirani wawili, na mumeo awe mmojawapo. Huko ombeni kuuona mchoro wa mtaa wenu, na mwandike namba yake.

Ikiwa mchoro wasema uwanja wa wazi, simameni imara. Ulizeni kama matumizi yalibadilishwa, lini, na lilitangazwa wapi. Hati iliyotolewa juu ya uwanja wa wazi bila utaratibu huo yaweza kufutwa, na zimekwisha kufutwa za namna hiyo. Ulizeni pia kibali cha ujenzi, maana mjini hajengi mtu kwa hati tu. Kama hana kibali, au kibali hakiendani na mchoro, ombeni amri ya kusimamisha ujenzi siku ileile, kwa maandishi, na nakala yake mpelekeeni diwani. Ukuta ukiisha kupanda hadi linta maneno huwa magumu.

Lakini nikuambie kweli, usije ukajenga tumaini juu ya mchanga. Zaidi ya nusu ya watu wa mji huu wanakaa katika mitaa ambayo haikuchorwa kabla ya kujengwa. Ikiwa wenu ni mmojawapo, yamkini uwanja huo ulikuwa shamba la mtu ambalo lilikuwa halijauzwa bado, na miaka yote watoto walicheza kwa hisani yake. Hapo hati yake huenda ni ya haki. Shauri linalobaki ni kuzungumza naye na kuuliza kama mtaa wenu umeingia katika urasimishaji wa makazi, kwa kuwa katika kazi hiyo wakazi wenyewe hukaa na mpanga miji wakakubaliana njia zipite wapi na wapi pabaki wazi. Mtu akimega hatua mbili za ua wake, na jirani mbili, njia hupatikana. Uwanja ni vigumu zaidi, sikufichi.

Kikao cha madiwani huwa kila miezi mitatu, na mwananchi aruhusiwa kuingia kusikiliza. Ulizeni tarehe yake mkiwa hapo hapo ofisini. Nendeni asubuhi na mapema, maana mchana maafisa huenda kukagua viwanja. Ukishapata namba ya mchoro niandikie tena, hata mistari miwili, wasomaji watataka kujua. Na huyo kijana wa mkono uliovunjika, mpe salamu zangu.